Ibada kanisani, ibada kwenye simu: makanisa yalivyojipanga wakati wa korona

Wengi wenu mnaotusikiliza kutoka vijijini mnaukumbuka mwaka 2020 kwa ndoo za maji tiririka na sabuni zilizowekwa milangoni mwa makanisa. Baadhi yenu mnakumbuka pia ndugu wa mjini waliopiga simu na kusema kwamba Jumapili hiyo hawakwenda kanisani, wamesali nyumbani kwa kutazama ibada kwenye simu. Kwa mtu wa kijijini jambo hilo lilizua maswali mengi. Je, ibada ya simu ni ibada? Sadaka inatolewaje? Meza ya Bwana inakuwaje? Na asiye na simu janja afanye nini?

Katika makala haya tunaeleza jinsi makanisa ya Tanzania, hasa ya pembezoni mwa Dar es Salaam kama Mbezi Beach, yalivyogawanya ibada kati ya jengo la kanisa na mtandao wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19. Tunaeleza pia kipi kiliweza kupita kwenye simu na kipi hakikuweza, na kanisa la kijijini linaweza kujifunza nini kabla ugonjwa mwingine haujaja.

Mbezi Beach ni wapi

Tuanze na eneo lenyewe, kwa sababu jijini kuna Mbezi mbili na wageni huzichanganya. Mbezi ambayo wasafiri wa mabasi ya mikoani wanaifahamu ni Mbezi Luis, iliyo kwenye Barabara ya Morogoro katika wilaya ya Ubungo. Mbezi Beach iko upande mwingine, wilaya ya Kinondoni, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, ukishapita Lugalo na Kawe ukielekea Tegeta. Upande mmoja kuna bahari, upande wa pili makazi yanapanda kuelekea Goba na Salasala.

Ni eneo lenye watumishi wa serikali, wafanyabiashara, wastaafu waliojenga zamani, na pia wapangaji, wafanyakazi wa majumbani, mama lishe na bodaboda. Makanisa yako mengi: Katoliki, Kilutheri, Anglikana, Wasabato, na ya kipentekoste makubwa kwa madogo. Usharika wa Kilutheri wa Mbezi Beach uko chini ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya KKKT, na parokia za Kikatoliki za eneo hilo ziko chini ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Tunalitaja eneo hili kwa sababu linaonyesha hali ya miji yetu vizuri: katika benchi moja la kanisa anakaa mwenye intaneti ya nyumbani, na pembeni yake anakaa mwenye kitochi kisicho na salio.

Serikali haikufunga nyumba za ibada

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, aliyekuwa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko kama michezo na mikutano ya siasa.

Nyumba za ibada hazikuwamo katika zuio hilo. Tarehe 22 Machi, akiwa kanisani Dodoma, Rais John Magufuli alisema makanisa na misikiti haitafungwa, akieleza kuwa hapo ndipo watu wanapopata uponyaji. Mwezi uliofuata aliwaomba wananchi wa dini zote wafanye maombi ya kitaifa kwa siku tatu, kuanzia tarehe 17 hadi 19 Aprili.

Tanzania iliacha kutoa takwimu za wagonjwa mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Juni Rais alitangaza kwamba nchi imeushinda ugonjwa huo kwa maombi.

Majirani walifanya tofauti. Rwanda ilisitisha ibada za pamoja katikati ya Machi 2020. Uganda ilifunga nyumba za ibada mwezi huohuo, na ilipozifungua Septemba iliruhusu watu wasiozidi 70 kwa ibada moja. Kenya nayo ilizifunga Machi. Julai ilipoanza kuzifungua, iliweka kikomo cha watu 100, ibada ya saa moja tu, na watoto wa chini ya miaka 13 wakatakiwa kubaki nyumbani.

Tofauti hii ina maana kubwa. Mchungaji wa Nairobi au Kampala hakuwa na la kuchagua. Alipewa amri akahamia mtandaoni. Mchungaji au padri wa Mbezi Beach aliachiwa mlango wazi. Kila dayosisi, kila parokia na kila mzee wa kanisa alitakiwa kuamua mwenyewe aite watu wangapi, awaketishe vipi, na amwambie nini bibi wa miaka 75 mwenye kisukari ambaye hajawahi kukosa ibada ya asubuhi.

Wapo waliofunga wenyewe

Si wote walioendelea kama kawaida. Aprili 2020 Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, mkoani Kagera, alisitisha misa za hadhara jimboni mwake ingawa serikali haikumlazimisha. Ni jimbo la vijijini, mpakani na Rwanda na Burundi, ambako waumini wengi hawana njia ya kufuata misa kwenye mtandao. Uamuzi wake unaonyesha kwamba kufunga au kutofunga kulitokana na jinsi kiongozi alivyoipima hatari, na kwamba wingi wa simu janja haukuwa kigezo pekee.

Mahali pengi walichagua njia ya kati: milango ikabaki wazi, taratibu zikabadilika. Katika makanisa ya Kikatoliki maji ya baraka yaliondolewa mlangoni, komunyo ikapokelewa mkononi, na amani ikatakiana kwa kuinamisha kichwa badala ya kushikana mikono. Makanisa mengine yaliongeza idadi ya ibada ili watu wagawanyike, yakatoa viti nje chini ya maturubai, yakafungua madirisha yote, yakafupisha matangazo na mahubiri. Wanaogawa Meza ya Bwana kwa kikombe kimoja walilazimika kufikiria vikombe vidogo.

Kwa nini kanisa ni mahali pa hatari

Virusi vya korona husambaa zaidi kwa hewa. Mtu mwenye ugonjwa anapopumua, anapoongea, anapokohoa au kuimba, hutoa matone madogo mno ambayo mengine huelea hewani kwa muda. Hatari huongezeka mambo manne yakikutana: chumba kimefungwa, watu wamebanana, wamekaa muda mrefu, na wanapaza sauti. Ibada ya Jumapili inaweza kuwa na yote manne.

Mfano unaotajwa sana na wataalamu ni wa kwaya moja ya kaunti ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi 2020 watu 61 walikutana kufanya mazoezi kwa takriban saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Katika siku zilizofuata watu 53 waliugua au walidhaniwa kuugua ugonjwa huo, na wawili wakafariki.

Kwa kanisa la Kitanzania habari hiyo ni nzito, kwa sababu kwaya ndiyo uti wa mgongo wa ibada zetu. Kuna kwaya kuu, kwaya ya vijana, ya akina mama, na mara nyingi kwaya ngeni. Hufanya mazoezi jioni za katikati ya wiki, mara nyingi katika chumba kidogo kuliko kanisa lenyewe. Kwa hiyo kanisa lililotenganisha viti Jumapili lakini likaacha kwaya ijibane kwenye chumba cha mazoezi Alhamisi lilikuwa limeziba tundu moja na kuacha jingine.

Redio ilitangulia mtandao

Watu wanaposema ibada ya mbali ililetwa na korona, sisi wa redio tunatabasamu. Kufuata ibada ukiwa nje ya kanisa ni jambo la miaka mingi nchini. Walutheri walikuwa na studio Moshi tangu miaka ya 1960, ikirekodi vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa na kituo cha Sauti ya Injili cha Addis Ababa, ambacho kilianza 1963 na kuchukuliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia 1977. Baadaye Moshi ikawa na redio yake yenye jina hilohilo. Radio Maria ilianza kurusha matangazo Songea mwaka 1996, na leo misa yake inasikika hadi vijiji vya mbali. Dar es Salaam kuna Radio Tumaini ya Jimbo Kuu Katoliki, Upendo FM ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani, na Morning Star ya Wasabato.

Redio hizo ziliwahudumia kwanza wagonjwa, wazee, wafungwa, mabaharia na walinzi wa zamu. Mwaka 2020 kundi hilo lilipanuka ghafla. Mtu mzima mwenye afya njema naye akawa na sababu ya kubaki nyumbani.

Kilichoongezeka ni mtandao. Usharika wenye kamera, au hata simu moja iliyofungwa kwenye kigoda cha miguu mitatu, uliweza kurusha ibada mubashara kupitia YouTube au Facebook. Usioweza kurusha mubashara ulirekodi mahubiri na kuyatuma kama ujumbe wa sauti kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya. Kwa wenye bando dogo njia hii ya pili ndiyo iliyofaa zaidi. Sauti iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban MB 29 kwa saa nzima. Video ya ubora wa kawaida inaweza kula MB mia kadhaa kwa saa hiyohiyo, na ibada zetu haziishi kwa saa moja. Redio haili bando hata kidogo.

Urushaji wa mtandaoni una sheria zake pia. Tangu 2018 zipo kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazowataka wanaoendesha huduma kama televisheni za mtandaoni kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kanuni hizo zilitungwa upya 2020 na zimefanyiwa marekebisho baadaye. Kanisa linalotaka kuanzisha chaneli ya kudumu liulize kwanza ofisi ya TCRA ya kanda yake.

Kipi kinapita kwenye simu, kipi hakipiti

Makanisa yaliyojipanga vizuri hayakuuliza tu kama watu waje au wabaki nyumbani. Yaliigawanya ibada vipande vipande na kuuliza swali hilo kwa kila kipande. Tuvipitie.

*Neno na sala.* Mahubiri, masomo, mafundisho ya kipaimara na sala za kuombea wagonjwa hupita vizuri kwenye redio na simu. Kwa baadhi ya watu hata husikika vizuri kuliko kanisani, kwa kuwa mtu anaweza kurudia sehemu ambayo hakuielewa. Kwa mwenye shughuli za Jumapili, kama muuguzi wa zamu, rekodi ya jioni ilikuwa msaada.

*Uimbaji.* Unasikika, lakini haushirikishi sawasawa. Mtandao huchelewesha sauti, hivyo watu wa nyumba mbalimbali hawawezi kuimba pamoja kwa simu wakaenda sawa. Familia inaweza kuimba ikifuatisha kanisa, ila kwaya haiwezi kufanya mazoezi hivyo.

*Meza ya Bwana na sakramenti.* Hapa simu inakwama. Kwa Wakatoliki, anayetazama misa kwenye runinga husali pamoja na Kanisa lakini hapokei Ekaristi. Anachoweza kufanya ni komunyo ya tamaa, yaani ya kiroho. Walutheri na Waanglikana nao huigawa Meza usharika ukiwa umekusanyika, au mchungaji humpelekea mgonjwa nyumbani. Wasabato hutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, na wapentekoste wengi huwekea mikono wanapoombea. Hayo yote yanahitaji mwili wa mtu kuwa karibu na mwili wa mwingine. Ubatizo, ndoa na kitubio navyo havifanyiki kwa simu.

*Sadaka.* Fedha zilipita kirahisi kuliko wengi walivyodhani, kwa kuwa Watanzania wamezoea kutumiana pesa kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza nchini 2008. Makanisa yalitangaza namba za kutumia, nyingine za kulipia na nyingine za akaunti ya benki. Lakini njia hii ina gharama zake. Tarehe 15 Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, na malalamiko yakawa mengi hadi ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, kisha ikapunguzwa tena baadaye. Aliyezoea kutoa sadaka ya shilingi 500 kwenye kikapu aliona makato yanakaribia kuila sadaka yenyewe.

Ipo sadaka isiyopita kabisa kwenye simu. Kijijini watu hutoa mayai, kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kisha baada ya ibada mnada hupigwa nje ya kanisa na fedha zikaingia kwenye hazina. Mnada huo unahitaji umati. Usharika uliotegemea mavuno uliumia zaidi ibada zilipopungua kuliko usharika wa mjini wenye waumini wanaolipwa mshahara.

*Kujuliana hali.* Kanisani ndipo mtu hugundua kwamba mama fulani hajaonekana wiki mbili. Kwenye YouTube kuna idadi ya watazamaji tu. Haisemi nani hayupo. Jambo hili halikuonekana kubwa mwanzoni, lakini tunaamini ndilo lililokuwa pengo kubwa kuliko yote.

Kijiji kilikuwa kinalijua jambo hili

Mara nyingi watu wa mjini huonekana kuwa ndio walimu wa mambo ya mtandao, na wa vijijini wanafunzi. Katika suala hili kijiji kina la kufundisha.

Parokia ya kijijini ina vigango vingi, na padri ni mmoja au wawili. Kigango kinaweza kukaa wiki kadhaa bila misa, na Jumapili nyingi katekista ndiye anayeongoza ibada. Ndivyo ilivyo pia kwa mitaa ya Kilutheri inayolelewa na mwinjilisti huku mchungaji akizunguka. Waumini hao wanajua tayari kwamba Neno linaweza kusomwa kila Jumapili, wakati Meza ya Bwana inasubiri siku mchungaji atakapofika. Hawaoni kwamba imani yao ni pungufu kwa sababu hiyo, na hawasemi kwamba basi padri hana haja ya kuja.

Katikati ya kanisa na nyumba ya mtu ipo pia jumuiya ndogondogo. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki na Kati walizifanya jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970, na Walutheri wana ibada zao za nyumba kwa nyumba. Familia chache za jirani hukutana mapema asubuhi au jioni, wakasoma, wakasali, wakatoa mchango wa mgonjwa. Wakati wa korona jumuiya iliweza kufanya yale ambayo simu haikuweza: kukaa watu kumi uani chini ya mwembe penye hewa, wanaofahamiana, na kumpelekea bibi ujumbe na uji bila kumbeba hadi kwenye umati wa watu 800.

Kwa hiyo uwiano uliofaa haukuwa wa vitu viwili, jengo na mtandao. Ulikuwa wa vitu vinne: jengo, jumuiya, redio na simu. Kanisa lililokumbuka vyote vinne liliwafikia watu wengi zaidi. Lililohamia YouTube peke yake lilimwacha mfanyakazi wa ndani, bibi mwenye kitochi na kijana asiye na bando, hata hapo Mbezi Beach.

Mwaka 2021: mlango wazi na misiba mingi

Mwanzoni mwa 2021 wimbi jipya lilikuja wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kuacha tahadhari. Ndoo zilikuwa zimekauka milangoni na ibada za ziada zilikuwa zimeondolewa. Tarehe 26 Januari Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, TEC, likiongozwa na Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, lilitoa barua kuwaonya waumini kwamba ugonjwa upo na kuwataka wajilinde. Februari Mkuu wa KKKT, Askofu Fredrick Shoo, naye alihimiza tahadhari. Tarehe 21 Februari, akiwa katika kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay, Rais Magufuli aliwahimiza wananchi wavae barakoa, hasa zilizotengenezwa nchini.

Mwanzoni mwa Machi Katibu Mkuu wa TEC, Padri Charles Kitima, alisema kwamba katika muda wa miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki wakiwa na matatizo ya kupumua. Hao ndio waliokuwa wakiwapaka wagonjwa mafuta, wakizika na kuuguza. Takwimu hiyo inaeleza upande wa ibada ambao mjadala wa mtandao huusahau: muumini anaweza kubaki nyumbani, lakini anayehudumia hawezi kumhudumia mgonjwa anayekaribia kufa kwa ujumbe wa sauti.

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu kuhusu ugonjwa huo, na tarehe 28 Julai alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe. Baada ya hapo makanisa yalipata kazi nyingine, kwa kuwa wapo viongozi wa dini walioihimiza chanjo na wapo walioipinga hadharani. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si tena dharura ya kimataifa.

Ugonjwa mwingine ukija

Mnaotusikiliza kutoka Kagera mnajua kwamba magonjwa hayajaisha. Ugonjwa wa virusi vya Marburg ulitangazwa mkoani humo Machi 2023, na tena Januari 2025 huko Biharamulo. Marburg hausambai kama korona. Huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Kwa hiyo madirisha wazi hayatoshi; hatari kubwa iko kwenye kumuuguza mtu bila kinga, kuosha maiti na kuaga kwa kugusa. Somo ni kwamba kabla kanisa halijabadilisha ibada, liulize kwanza: ugonjwa huu unapitaje? Jibu litoke kwa mganga wa zahanati au ofisa afya wa kata, lisitoke kwenye ujumbe uliosambazwa WhatsApp.

Haya ndiyo mambo ambayo kanisa la kijijini linaweza kuyaandaa sasa, bila gharama kubwa:

- Andikeni orodha ya wazee, wagonjwa wa kisukari, presha na kifua, na wajawazito, jumuiya kwa jumuiya. Kila jina liwe na jirani mmoja wa kumtembelea au kumpigia simu kila wiki.
- Amueni mapema nani anaruhusiwa kutangaza mabadiliko ya ibada, ili uvumi usitangulie tangazo.
- Ibada ikiwezekana ifanyike nje, iwe fupi, na kwaya isimame mbali na watu. Mazoezi ya kwaya yafanyike uwanjani.
- Fahamuni masafa ya redio inayosikika kijijini na saa za ibada zake. Familia zisizo na redio zijulikane, zisikilize kwa jirani barazani.
- Mwenye simu janja anaweza kupokea mahubiri ya sauti mara moja na kuwasikilizisha watu kumi. Hakuna haja ya kila mtu kununua bando.
- Namba ya kutumia sadaka itangazwe kanisani na ibandikwe mlangoni pamoja na jina litakalotokea kwenye simu unapotuma. Ukipata ujumbe wa namba nyingine, hata ukidai umetoka kwa mchungaji, usitume kitu hadi umpigie mzee wa kanisa unayemjua. Matapeli hupenda nyakati za hofu.
- Sadaka za mazao zipokelewe kwa zamu za jumuiya, mnada ugawanywe siku mbalimbali.
- Anayepeleka komunyo au maombi kwa mgonjwa apewe kinga na maelekezo ya mtaalamu wa afya. Asiachwe aende kwa ujasiri peke yake.

Leo makanisa mengi ya Dar es Salaam yamejaa tena Jumapili, na kamera zilizonunuliwa wakati ule bado zinarusha ibada. Mstaafu wa Mbezi Beach ambaye miguu haimruhusu tena kupanda ngazi anasali na usharika wake kupitia simu ya mjukuu, na jirani anampitia baada ya ibada. Kijijini redio inaendelea na kazi hiyohiyo kila asubuhi. Kama kanisani kwenu kuna mgonjwa ambaye hamjamwona wiki hii, mpigieni simu leo, na kama hana simu, mtu mmoja apite kwake kabla ya Jumapili.